Baiskeli ya mtu mwingine

Kumi la mwisho la Ramadhani fundi cherehani wa Wete, Pemba, halali. Usiku ule nilikuwa na kanzu kumi na nne mezani, zote za watu waliolipa nusu na kuahidi nusu iliyobaki "nikija kuchukua". Nikakamata mkasi nikate kola, mkasi ukaniponyoka. Si usingizi. Kidole kidogo na cha pete vya mkono wa kulia vilikuwa kama havipo. Naviona, lakini nikivifinya sisikii kitu. Dole gumba na kidole cha shahada vizima kabisa, uzi natia kwenye sindano kwa mkupuo mmoja. Ila kitambaa cha kanzu, hasa hiki laini, hushikiliwa na vile vidole viwili vya nyuma wakati vya mbele vinafanya kazi. Vikifa ganzi kitambaa kinateleza, na ukikikata kikiwa kimeteleza unanunua kingine kwa pesa yako.

Mke wangu akasema ni presha. Mimi nilijua ni baiskeli, ila sikutaka kusema, kwa sababu baiskeli yenyewe niliinunua kwa ajili ya hiyo presha.

Kazi ya fundi ni kukaa. Zaidi ya miaka ishirini nimekaa juu ya kibao mbele ya cherehani ya kukanyaga, na mwaka juzi spitali wakanipima wakakuta 150 kwa 95. Daktari akaniambia nitembee au nipande baiskeli. Kutembea sina subira nako. Rafiki yangu wa Unguja, anayeuza vitu vya mtumba vinavyoshuka kwenye makontena, akanitumia picha ya baiskeli ya mbio: fremu ya alumini, matairi membamba kama mshipi, usukani uliopinda mithili ya pembe za kondoo dume. Shilingi 300,000. Ikaja na meli mpaka Mkoani, kutoka hapo ikafungwa juu ya gari mpaka Wete, na watoto wa mtaani wakaishangilia kuliko walivyowahi kunishangilia mimi.

Kiti kilikuwa kimezamishwa mpaka chini, nadhani ili ipakiwe vizuri. Kwenye bomba la kiti palikuwa na utepe mwekundu umezungushwa, umechakaa kidogo. Nikakipandisha kiti mpaka bomba likatokeza kwenye ule utepe, nikakaza. Kichwani mwangu ilikuwa ni alama ya kiwandani: hapa ndipo kiti kinapokaa. Sikujiuliza zaidi. Nilipanda hivyo miezi minne, nikivumilia maumivu nyuma ya goti, shingo ngumu, mikono iliyokufa ganzi na mahali pengine ambapo sitapataja, nikiamini kwamba baiskeli za mbio ndivyo zilivyo na mwili utazoea. Mwili haukuzoea.

Aliyenizindua ni ami yangu. Ami anauza boflo tangu sijaoa, juu ya baiskeli ya Phoenix nyeusi yenye sanduku la mbao nyuma. Baada ya Idi alinikuta asubuhi natoka Wete kwenda Chake Chake kununua uzi, akanifuata nyuma kwa muda, halafu akaja sambamba nami, na mzigo wake wote ule, wala hahemi.

"Shikamoo ami."

"Marahaba. Kwani mwanangu, wewe unataga?"

"Vipi tena ami?"

"Kila ukikanyaga, nyonga hii inashuka, hii inapanda. Kama bata. Hiyo baskeli ya nani?"

"Yangu."

"Mbona imekaa kama ya mwenzio?"

Akapiga kengele akaenda zake. Nilicheka mpaka njia ilipoanza kupanda, halafu nikakumbuka ule utepe mwekundu. Haikuwa alama ya kiwanda. Ilikuwa alama ya mtu, mwenye baiskeli wa kwanza, huko aliko, aliyeweka utepe ili kiti chake kisipotee mahali pake akikishusha. Mtu mwenye miguu mirefu kuliko yangu. Mteja akiniletea suruali ya mtumba nimrekebishie, neno la kwanza ninalomwambia ni avue viatu asimame wima. Mimi mwenyewe miezi minne nilikuwa nimevaa suruali ya mtu mwingine na hata upindo sikukunja.

Siku ile ile nilitaka kukishusha. Kiti hakikutikisika. Hewa ya bahari ilishafanya kazi yake, alumini na alumini zimeshikana kama ndugu. Nikatia mafuta ya taa kwenye ufa kati ya bomba na fremu, nikaacha usiku kucha, asubuhi nikakizungusha kiti kushoto na kulia kidogo kidogo mpaka kikaachia. Tangu hapo bomba la kiti silirudishi bila kulipaka grisi. Anayeishi kisiwani na asiyepaka grisi, siku moja atakata bomba kwa msumeno.

Sasa kishuke kiasi gani? Njia ya watu wa zamani ni ya kisigino: unakaa kitini umeegemea ukuta, unaweka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, na mguu uwe umenyooka sawasawa bila nyonga kuinama. Ukirudi kukanyaga kwa sehemu pana ya mbele ya wayo, goti linabaki na mkunjo mdogo, na huo mkunjo ndio unaoutaka. Njia nzuri, lakini mimi ni fundi, nilitaka namba. Nikaipata kwenye simu, hesabu iliyopewa jina la Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990. Unachukua kipimo cha ndani ya mguu, unazidisha kwa 0.883, unapata umbali wa kutoka kitovu cha pedali, pale katikati mikono ya pedali inapozungukia, mpaka juu ya kiti ukifuata mstari wa bomba.

Hapa ndipo ufundi wangu uliponiponza. Kipimo cha ndani ya mguu? Changu nakijua usingizini: 76. Ndicho ninachoshonea suruali zangu. Nikazidisha, nikapata sentimita 67 na nukta. Nikapima kiti kilipokuwa: 75. Nikashangaa, nikasema ama kweli nilikuwa nataga. Nikakishusha chote.

Wiki ile nyonga zilitulia, na ami alinipita bila kusema neno. Lakini maumivu yalihama. Badala ya nyuma ya goti yakaja mbele, chini ya kile kifupa cha juu, na kupanda kilima kukawa kama kupanda ngazi umechuchumaa. Na Pemba hakuna mlima, kuna vilima tu, ila havikomi. Unashuka bondeni kwenye mpunga, unapanda kwenye mikarafuu, unashuka tena. Baada ya siku tano nilikuwa nashuka baraza yangu kwa kushika ukuta.

Nilikaa na futi mkononi nikijiuliza nimekosea wapi, mpaka nikacheka peke yangu. Kipimo cha suruali hakifiki kwenye mfupa. Suruali ikifika kwenye mfupa mtu hawezi kukaa wala kurukuu. Tunaacha nafasi, na nafasi hiyo ndiyo heshima ya nguo. Baiskeli haina heshima hiyo, unakaa juu yake kwa mfupa. Nikavua viatu, nikasimama nimeegemea ukuta, miguu imeachana kidogo, nikaweka daftari gumu la dukani katikati ya miguu, mgongo wake ukiangalia juu na upande wake umelala ukutani, nikalivuta juu kwa nguvu mpaka likagota, kama vile nimekalia kiti. Mke wangu akatia alama ya chaki ukutani, huku akiniuliza kama fundi mzima nimekosa kazi. Kutoka alama mpaka sakafuni: 81. Mara 0.883, ni 71 na nusu.

Tofauti ya vidole viwili na kitu kati ya goti linalouma mbele na goti lisilouma. Kwenye kanzu vidole viwili ni upindo tu.

Namba hiyo ni ya kuanzia. Anayevaa kiatu cha soli nene, au mwenye wayo mkubwa anayekanyaga kwa kuinua kisigino, ataongeza au kupunguza. Kwa hiyo nikaendelea nusu sentimita kwa nusu sentimita, na kila badiliko nikalipa safari tatu kabla ya kuligusa tena. Kanuni niliyojiwekea ni hii: goti likiuma mbele, kiti kiko chini au kimesogea mbele mno; likiuma nyuma, kiti kiko juu. Na jambo moja usilibishie: kwenye bomba lenyewe kuna mstari umechongwa wa mwisho wa kupandisha. Ukiuona mstari huo nje ya fremu, bomba ni fupi kwako au fremu ni ndogo kwako. Tafuta nyingine, usitafute kuvunjika mgongo.

Kuna kitu ambacho hakikuwa kimenijia kichwani mpaka nilipochukua uzi. Bomba la kiti halikusimama wima, limeinama kwa nyuma. Maana yake ukikishusha kiti kinakuja na mbele. Kwa kushuka sentimita 3 na nusu, kiti changu kilikuwa kimesogea mbele karibu sentimita nzima bila mimi kukigusa. Nikafunga nati nzito kwenye uzi wa kushonea vifungo, nikaomba kijana wangu anishikie baiskeli wima, nikaweka pedali zote mbili sawa, ya mbele na ya nyuma, mikono yake ikiwa imelala kama mizani. Nikaushusha uzi kutoka mbele ya goti, chini kidogo ya kile kifupa, kama mwashi na timazi yake. Nati inatakiwa ining'inie juu ya ekseli ya pedali au nyuma yake kidogo. Yangu ilining'inia mbele, karibu na vidole vya mguu. Nikalegeza skrubu chini ya kiti, nikakirudisha nyuma sentimita 1.

Ukirudisha nyuma, mguu unakuwa mbali zaidi na pedali, kwa hiyo nikashusha tena milimita 3. Ikawa 71.2. Na ukirudisha nyuma, usukani nao unakuwa mbali zaidi. Ndivyo ilivyo hata dukani: mteja anasema kwapa linabana, ukilegeza kwapa bega linaanguka, ukiinua bega kola inakaa vibaya. Vijana wengi ninaowaona wakiona usukani uko mbali wanasogeza kiti mbele. Rahisi, dakika mbili. Lakini kiti kina mazungumzo yake na pedali, hakina habari na usukani. Malizana na miguu kwanza, mikono itafuata.

Na mikono ndiyo iliyokuwa kesi yangu kubwa.

Kabla ya kufika kwenye usukani nilijidanganya mara moja zaidi, na hili nalisimulia kwa aibu ya kifundi. Niliona tatizo ni ugumu wa kiti. Nikashona foronya ya sponji nene, vitambaa viwili, mpira wa kubana chini, nadhifu kuliko chochote kinachouzwa. Watu wawili waliiona wakaagiza. Safari ya kwanza nilifika Konde ganzi imepanda kutoka kule nisikotaja mpaka tumboni. Sponji laini linazama pale mifupa inapokaa, na likizama huko linavimba katikati, na katikati ndiko kwenye mishipa. Kiti kigumu kinachoshika mifupa miwili ya kukalia ni bora kuliko godoro. Niliwarudishia pesa wale wawili.

Upana wa kiti unapimwa kwa boksi. Nilikata kipande cha boksi la kaki lenye mawimbi ndani, nikaliweka juu ya benchi la mbao, nikalikalia nimeinua miguu juu ya matofali na kuinama mbele kidogo. Nikiinuka, mashimo mawili. Katikati ya moja mpaka katikati ya jingine sentimita 12. Kiti unakitaka kiwe kipana kuliko hapo sentimita 2 hivi, ili mifupa isikalie ukingoni. Changu kilikuwa na 13 na nusu, nikasema kinatosha, na kweli kimetosha.

Kilichobaki ni mlalo. Nilimwazima jirani yangu mwashi pimamaji, nikaisimamisha baiskeli barazani, nikaweka pimamaji juu ya kiti, povu likakaa katikati barabara. Nikajisifu. Lakini kwenye safari bado nilikuwa nateleza mbele, kila dakika najisukuma nyuma kwa mikono, na jioni vidole vile viwili vinakufa palepale. Mwashi alipokuja kuchukua pimamaji yake nikamlalamikia. Akaangalia baiskeli, akaangalia sakafu.

"Yakhe, ulipimia hapa hapa?"

"Hapa hapa."

"Baraza hii nimeimwaga mimi. Ina mporomoko, maji ya mvua yateremke. Umekipima kiti na mvua."

Tukaiingiza ndani ya duka, sakafu tuliyoihakiki kwanza kwa ile ile pimamaji. Pua ya kiti ilikuwa imeangalia chini kama ng'ombe anayekunywa. Tukaisawazisha, halafu tukaishusha unywele tu, kwa sababu mtu anayeinama kwenye baiskeli ya mbio hapendi pua iliyonyanyuka pia. Kwa kazi hiyo moja ganzi ilipungua nusu. Sababu yake ni nyepesi: pua ikiteremka mwili unateleza, mwili ukiteleza mikono ndiyo inayouzuia, na uzito wote unakaa kwenye kitako cha kiganja, upande wa kidole kidogo, pale mshipa wa fahamu wa vidole viwili vya mwisho unapopita karibu na ngozi. Haukuwa ugonjwa. Nilikuwa nautegemea mkono kama mguu wa meza.

Nusu iliyobaki ilikuwa usukani. Mwenye baiskeli wa kwanza alipenda kulala chini kama mjusi. Shingo ya usukani, kile chuma kinachotoka kwenye foku kwenda mbele kuushika usukani, ilikuwa na milimita 120, na juu yake palipangwa vipete vitatu vya sentimita moja moja. Vipete hivyo havifanyi kazi yoyote vikiwa juu. Vikihamia chini ya shingo, usukani unapanda sentimita 3, bure, kwa spana ya L tu. Niliposikia neno bure nikaanza saa hiyo hiyo.

Nilifungua kifuniko cha juu, nikalegeza skrubu mbili za pembeni, nikavua shingo, nikahamisha vipete, nikarudisha. Nikakaza za pembeni vizuri, kisha ile ya juu. Nikatoka kujaribu. Mteremko wa kwanza niliposhika breki ya mbele, usukani ukagonga: kot, kot, kot, kama mlango uliolegea bawaba. Nilishuka nikaiburuza mpaka nyumbani moyo ukinienda mbio. Skrubu ya juu kazi yake ni kuvuta vyote pamoja ili gololi za foku zikae bila kucheza. Ukizikaza za pembeni kwanza, shingo imeshaganda, ile ya juu inavuta hewa. Utaratibu ni kinyume na nilivyofanya: legeza za pembeni, kaza ya juu taratibu mpaka usukani uzunguke kwa wepesi bila kuchezacheza, nyoosha shingo ifuate gurudumu, ndipo ukaze za pembeni, hii kidogo, hii kidogo, kama unavyokaza mfuniko wa sufuria ya presha. Halafu shika breki ya mbele usukume baiskeli mbele na nyuma. Ikigonga, rudia.

Na usikaze kwa hasira. Kwenye shingo yangu imeandikwa 5 Nm, kipimo cha nguvu ya kukazia skrubu. Hatuna hapa spana inayopima nguvu, nikatafuta njia: ni kama kuning'iniza kilo 5 kwenye ncha ya spana iliyolala, sentimita 10 kutoka kwenye skrubu. Nikachukua mfuko wa mchele wa kilo 5, nikaufunga kwa kamba nikaupima mkononi mpaka mkono ukajua. Kwa alumini hilo linafaa. Angekuwa mtu ana usukani wa kaboni ningemwambia asinisikilize, atafute spana yenyewe.

Shingo hizi zina pembe pia. Ukiigeuza juu chini, ile iliyokuwa inashuka inapanda. Nikaigeuza, usukani ukapanda sentimita mbili na nusu zaidi. Raha mustarehe, mpaka kusi lilipoanza. Kutoka Wete kwenda Chake ni kwenda kusini, na kuanzia Juni mpaka Septemba unalikuta kusi uso kwa uso. Nimekaa wima kama bwana harusi, kifua changu tanga tupu. Nikairudisha ilivyokuwa. Tatizo langu la kweli halikuwa kimo tena, lilikuwa umbali: ili nizishike breki ilinibidi ninyooshe viwiko, na kiwiko kilichonyooka kila shimo la barabarani kinalipeleka moja kwa moja begani.

Shingo ya milimita 90 nilingoja miezi miwili. Wete haipo, Chake haipo. Rafiki yangu wa Unguja aliikuta kwenye rundo la vyuma, akanitumia kwa mtu wa meli ikiwa imefungwa ndani ya gazeti, shilingi 15,000. Hapo ndipo nilipojua baiskeli inaweza kuwa yangu. Viwiko vikalegea vyenyewe. Usukani ulikuwa mwepesi kidogo kugeuka, siku mbili nikayumba, siku ya tatu nikasahau. Nina kipimo changu cha kujua kama mikono imebeba mzigo usio wake: njia ikiwa tambarare na hakuna gari, nainua viganja unene wa kidole bila kuachia. Nikibaki nilipo, sawa. Nikianguka mbele, kuna kitu kimehama.

Matairi sina mengi ya kusema. Yalikuwa ya upana wa milimita 23, muuzaji mmoja akaniambia nijaze upepo mpaka 120 psi, na mimi nikajaza, nikawa nasikia kila jiwe mpaka menoni. Sasa nina ya 25, ambayo ndiyo fremu inakubali, nyuma 85, mbele 80, kwa kilo zangu 78. Nafuu yake ni kubwa kuliko pesa yake.

Nguo, hapo ndipo nyumbani kwangu. Kinachomchubua mpanda baiskeli mara nyingi si kiti, ni mshono. Suruali ya kawaida mishono minne inakutana pale pale unapokalia, imekunjwa mara mbili na kupigwa uzi mara mbili. Kwa anayetembea ni uimara, kwa anayekaa juu ya kiti chembamba saa moja na nusu ni kisu. Nilijishonea bukta ya kitambaa kinachovutika, katikati kipande kimoja kizima kisicho na mshono, mishono yote nimeisogeza pajani na kuilaza. Ndani yake sivai kitu, nje navaa suruali pana, maana mtu ana wakwe njiani. Tangu hapo sijachubuka. Nimewashonea watu watatu, na hizi sijarudisha pesa.

Bado kuna lisilotengenea. Upana wa usukani unapaswa kufanana na mabega, mfupa kwa mfupa, kipimo ninachokichukua kila siku kwa kila anayetaka kanzu. Mabega yangu 40. Usukani 44. Mwenye baiskeli alikuwa mtu wa kifua. Nikienda mbali nausikia kati ya mabega, si maumivu, ni kama mtu ameniwekea mkono. Nimeshaagiza, rafiki yangu anasema kontena lijalo. Kontena lijalo ni maneno ya siku nyingi.

Msimu wa karafuu uliopita nilikwenda Ngezi na kurudi, majamvi yametandazwa pembeni ya njia, unapita unavuta pumzi ya karafuu mpaka kichwa kinakuwa chepesi. Wenyewe wamekaa hapo wanakuangalia gurudumu lako lisiguse jamvi. Niliporudi nilikaa kwenye cherehani saa hiyo hiyo, nikamaliza suti ya harusi, vidole kumi vyote vipo. Na kibao cha cherehani nacho nilikiinua kwa tofali jembamba, unene wa vidole viwili. Miaka ishirini nilikuwa nakanyaga kile kipedali magoti yakiwa juu kuliko nyonga, halafu jioni nauliza mgongo unauma kwa nini.

Dukani nina daftari la vipimo vya wateja, kila mtu na ukurasa wake: bega, kifua, mkono, urefu. Mwezi uliopita nikaandika ukurasa wangu. Ndani ya mguu 81. Kiti 71.2. Kiti nyuma, sentimita 1. Shingo 90, vipete vitatu chini. Utepe mwekundu nikaubandua, nikazungusha uzi mweusi wa kanzu mahali pangu, duru tano na fundo.

Juzi kijana wangu mkubwa akasema baba niachie baskeli Jumamosi niende uwanja wa Gombani kuangalia mpira. Ana miaka kumi na saba na ameshanipita kichwa. Nikamwambia avue viatu asimame ukutani, nikafungua ukurasa mpya.